Ghorofa refu, baraza hakuna

Juzi mvua ilinikuta mjini, ile ya ziwani isiyopiga hodi. Nikakimbilia ngazi za jengo moja la umma, jina nalimeza. Nikamkuta mayu mmoja na beseni lake la ndizi. Hata hatujasalimiana vizuri, mlinzi huyo hapo. "Mama, toka, hapa siyo kituo cha daladala." Mama hakubishana. Akajitwika beseni, akaingia mvuani. Mimi nilikuwa nimechomekea shati, kwa hiyo sikuguswa. Hapo ndipo paliponiuma.

Halafu kila kijiweni nasikia Mwanza tunahitaji ghorofa refu zaidi ili tufanane na Dar. Haya. Ziwa huku, mawe kule, ardhi ya katikati ya mji ni kiduchu, kwenda juu ni lazima. Nakubali shingo upande. Ila urefu wenyewe si tunao? Mtoto wa Igogo, kule mlimani kwenye mawe, analala juu kuliko mkurugenzi yeyote, na hajawahi kupanda lifti. Maji tu ndiyo yanapandishwa kichwani. Jiwe la Bismarck pale ziwani halina hata ghorofa moja, na ndilo linalopigwa picha.

Kinachokosekana ni pa kukaa. Wazee wetu wa pwani hawakujenga nyumba bila baraza, mgeni asiyejulikana akae, apumue, ndipo aulizwe shida yake. Sisi tuna baraza la madiwani, ila baraza la kukalia hatuna! Tunajenga vioo ili tujitazame.

Msiniambie haiwezekani. KICC, lile jengo la mikutano pale Nairobi, ina ghorofa 28, ipo tangu 1973, na mwananchi analipa kiingilio anapanda hadi paani. Nilimpeleka mjomba, akautafuta Mlima Kenya kwenye mawingu nusu saa, hakuuona, akashuka anatamba kama aliyeupanda. Tokyo ndiyo usiseme: jengo la serikali ya jiji lina mita 243, na wanakupandisha hadi mita 202 bure. Bure! Sisi hata kivuli cha ngazi kina mwenyewe.

Usalama, mtasema. Sawa, kagueni mifuko. Beseni la ndizi linakaguliwa kwa macho tu.

Jana nimepita tena pale. Ngazini wamefunga kamba.