Goti la Mke Wangu na Hija ya Yerusalemu

Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, mwenyekiti wa kamati ya hija alitueleza kwa bashasha kwamba safari za Nchi Takatifu zinarejea, na kwamba mara hii mahujaji watatembelea maeneo 27 kwa siku 8. Kanisa zima lilipiga makofi. Mke wangu aliinama akaanza kutafuta ndani ya mkoba wake kitu ambacho, nina hakika, hakikuwamo.

Sisi wawili tulikwenda kabla ya vita, katika kundi la watu 38, baada ya kuweka akiba katika sacco kwa miaka minne. Mke wangu ni mwalimu mstaafu aliyesimama mbele ya ubao kwa miaka 31, na goti lake la kulia ndilo stakabadhi ya utumishi huo. Wakala wa safari alilijua goti hilo, kwa maana tulimweleza kabla hatujalipa hata shilingi moja, naye akatuhakikishia kwamba basi litatufikisha kila mahali.

Galilaya haikuwa na shida. Kule Kana tulirudia viapo vya ndoa pamoja na wanandoa wengine, katika raha na taabu, katika magonjwa na afya, huku kundi jingine likisubiri mlangoni litupokee zamu. Kapernaumu ni tambarare, na mke wangu alitembea mwenyewe hadi kwenye magofu ya sinagogi, ambako kiongozi wetu alitusomea Marko sura ya pili: habari za mtu aliyepooza aliyebebwa na wenzake wanne, ambao walipoona umati umewazuia, walitoboa dari wakamteremsha mbele ya Yesu. Alisoma vizuri mno. Wengine walifuta machozi.

Watu hao hao, siku mbili baadaye, walikuwa Yerusalemu. Basi haliingii katika vichochoro vya mji wa kale. Njia ya Msalaba hutembewa kwa miguu, juu ya mawe yaliyolainishwa na nyayo, katikati ya maduka na wachuuzi. Kituo cha tano, kile cha Simoni wa Kirene, kipo pale njia inapokata kona na kuanza kupanda ngazi. Simoni huyo, tukumbuke, alikuwa mtu wa bara letu, kutoka nchi ambayo leo ni Libya, na alibebeshwa msalaba usiokuwa wake. Hapo ndipo kiongozi alipotazama saa, akakunja kibendera chake, akasema kwa upole wote, "Mama atupumzikie hapa, tutampitia tukirudi." Kulikuwa na duka la sharubati lenye kiti kimoja cha plastiki.

"Nenda, Baba Mwende," mke wangu aliniambia. "Angalau mmoja wetu aone."

Nikaenda.

Ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu tulipanga foleni ndefu, tukainama kuingia kaburini watu wachache kwa wakati mmoja, na kabla sijaumaliza mstari wa kwanza wa Baba Yetu tayari tulikuwa tunaitwa tutoke. Nje, juu ya lango, pana ngazi ndogo ya mbao iliyoegemezwa chini ya dirisha tangu karne ya 18, kwa sababu kanisa hilo linatumiwa na madhehebu sita na hakuna lenye haki ya kuiondoa bila ridhaa ya mengine. Ngazi imesubiriwa kwa karne tatu. Mke wangu hakuweza kusubiriwa kwa nusu saa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila wakala tusingejua pa kuanzia kuhusu viza, wala tungevukaje kile kizuizi cha kuingia Bethlehemu. Bei nayo siilalamikii. Ninacholalamikia ni hesabu ya maeneo. Mahujaji wa parokia zetu za Nairobi ni akina nani? Ni wastaafu. Vijana hawana pesa hizo, na wenye pesa huenda Dubai. Ni dharau iliyoje, basi, kupanga safari kwa kipimo cha miguu ya miaka 25, kisha kuiuza kwa magoti ya miaka 65 na kuiita safari ya imani! Punguzeni maeneo hayo 27 yawe 12. Kodini viti vya magurudumu. Waandikieni watu, kabla hawajalipa, ni ngazi zipi watakazopanda na ni mahali gani basi halifiki. Na mkisoma habari za wale wanne waliotoboa dari, hesabuni kwanza kama nyinyi 38 hamkutoa hata wanne.

Haya nilimwambia mwenyekiti baada ya misa. Alinijibu kwamba kamati italitazama suala hilo, kisha akanipa fomu.

Sikumweleza kwa nini mke wangu alikuwa akichakura mkoba. Tuliporudi kutoka hija, jumuiya yetu ilikuja nyumbani kutupokea, na mama mmoja akamwuliza kaburi la Bwana likoje. Alinitazama, nami nikakitazama kikombe changu cha chai.

"Ni padogo," akasema, "na ni lazima uiname."

Alikuwa amelisikia kutoka kwangu, tukiwa ndani ya basi.