Wafuasi Laki Moja, Anwani Sifuri

Ukitaja majarida ya barua pepe, yale maandishi ambayo mwandishi huyatuma moja kwa moja kwenye kikasha cha msomaji aliyejisajili, mbele ya watu wa hapa kwetu, jibu la kwanza ni kicheko. Nani anasoma email siku hizi? Email ni ya kutuma CV, kupokea taarifa ya benki na kurudishiwa nywila iliyosahaulika. Wanaoyapenda majarida haya nao hawajajisaidia, maana kila wakiulizwa faida yake wanasifia utulivu: unasoma Jumapili asubuhi, hakuna kelele, hakuna matusi. Ni sifa ya kweli, lakini mtu anayenunua bando la shilingi mia tano hajaamka akitafuta utulivu. Mjadala umekwama kwenye mwendo, nani ana haraka na nani hana, na jambo lenye uzito zaidi limeachwa pembeni.

Tuanzie Mei 20, 2025. Siku hiyo akaunti ya X (zamani Twitter) ya Jeshi la Polisi Tanzania ilidukuliwa, na jioni yake X yenyewe ikaacha kufunguka nchini bila VPN, programu ya kuzunguka kizuizi cha mtandao. VPN nayo, tangu tangazo la mamlaka ya mawasiliano, TCRA, la Oktoba 2023, inatakiwa kusajiliwa. Sasa mfikirie mwanasheria, mchambuzi wa soka au mwalimu wa kodi aliyekusanya wafuasi laki moja kwa miaka kumi. Asubuhi iliyofuata hesabu yake ilikuwa ileile, haijapungua hata mmoja, inang'aa juu ya wasifu wake. Kilichokatika ni njia ya kuwafikia. Tena hakuna alichoweza kuhamisha: ukipakua kumbukumbu za akaunti yako ya X, wafuasi wako unakabidhiwa kama namba za utambulisho na viungo vya wasifu, na viungo hivyo vinakurudisha kwenye mlango uleule uliofungwa. Uganda walishayaona hayo kwa Facebook, iliyozimwa Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, na miaka ikapita bila kufunguliwa.

Linganisha na kilichowapata waandishi waliokuwa Revue, huduma ya majarida ambayo Twitter iliinunua Januari 2021. Elon Musk alipoichukua Twitter, Revue ilitangaziwa kifo, na Januari 18, 2023 ikazimwa. Hasara ilikuwepo, usumbufu ulikuwepo. Lakini kila mwandishi aliyekuwa macho alipakua faili la CSV, jedwali la kawaida linalofunguka hata kwa Excel ya zamani, lenye anwani za wasomaji wake wote, akalipandisha kwenye huduma nyingine na toleo lililofuata likafika kwa watu walewale. TinyLetter ilipofungwa Februari 2024 hadithi ikawa hiyohiyo. Mwezi mmoja kabla, Casey Newton, mwandishi wa Marekani wa habari za teknolojia, alilihamisha jarida lake la Platformer kutoka Substack kwenda Ghost, zote huduma za kutuma majarida, kwa sababu hakuridhishwa na namna Substack ilivyoshughulikia machapisho ya Wanazi mamboleo. Aliondoka na orodha yake, na waliokuwa wanalipia wakaenda naye, kwa kuwa akaunti ya Stripe, huduma ya malipo ya mtandaoni inayopokea fedha za Substack, hufunguliwa kwa jina la mwandishi. Hebu jaribu kugombana na Instagram kwa sababu ya msimamo wako kisha uondoke na wafuasi wako.

Hili ndilo ninaloliona halisemwi vya kutosha. Barua pepe haina mwenyewe mmoja. Kanuni za kuisafirisha ziliwekwa hadharani tangu 1982, ndiyo maana mwenye Gmail anaandikiana na mwenye Yahoo bila kuomba ruhusa ya mtu. Huo utulivu unaosifiwa ni matokeo ya mpangilio huo. Kwenye X, msomaji aliyekasirika anajibu, ananukuu, anawaita wenzake, na algoriti, programu inayochagua nani aone nini, inahesabu yote hayo kuwa ushahidi kwamba andiko linapendwa. Kwenye jarida, aliyekasirika anabofya "jiondoe" kimyakimya na mwandishi anapoteza msomaji. Hasira kule ni mtaji, huku ni hasara. Mwandishi yuleyule, mwenye tabia ileile, ataandika tofauti kwa sababu tu malipo yamebadilika.

Upande wa pili una hoja nzito, na ya kwanza ni Juni 2024. Vijana wa Kenya walipoupinga Muswada wa Fedha, vifungu vilichambuliwa TikTok, mijadala ya sauti ikaendeshwa X hadi usiku wa manane, na watu wasiojuana wakakubaliana mahali na saa ya kukutana. Juni 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, na siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatausaini. Hakuna jarida la kila wiki lingeifanya kazi hiyo, na anayedai lingeweza anajidanganya. Kuna pia suala la kusahihishwa. Ukikosea takwimu X unarekebishwa hadharani ndani ya dakika tano, mara nyingi kwa dharau. Kosa lililokwisha kutumwa kwa barua pepe linabaki kwenye vikasha vya watu, na anayelijua hana pa kuwaambia wengine.

Hoja ya pili naiheshimu zaidi, kwa kuwa inatoka mtaani. Simu nyingi za Android hapa zina akaunti ya Gmail iliyofunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa. Alihitaji Play Store ikubali, akaandika jina na namba zozote, akaweka nywila anayoijua yeye, akamkabidhi mteja. Mwenye simu hajawahi kukifungua hicho kikasha na pengine hajui kipo. Kwa msomaji huyo, kumwambia "jisajili kwa barua pepe" ni kumfukuza kwa adabu. Isitoshe, Gmail yenyewe ina mkono wake. Tangu 2013 inatenga matangazo kwenye kichupo chake, na majarida mengi huangukia humo. Na tangu Februari 2024 anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwenye vikasha vyake anatakiwa athibitishe utambulisho wa seva zake na asifikishe asilimia 0.3 ya malalamiko ya barua taka. Kwa hiyo mwandishi bado ni mpangaji, ila huyu anaweza kuhama na vyombo vyake vyote. Substack nayo, ilipoleta Notes, sehemu ya machapisho mafupi kama ya X, Aprili 2023, ilianza kufanana na kile ilichodai kukikimbia.

Hata hivyo hoja ya kikasha kisichofunguliwa haiui wazo, inalihamisha tu. The Continent, gazeti lililoanza Aprili 2020 chini ya Mail & Guardian ya Afrika Kusini, lilitengenezwa kama PDF ya kila wiki na kutumwa WhatsApp kwa yeyote aliyeomba kwa ujumbe. WhatsApp ni mali ya Meta, na Oktoba 4, 2021 ilizimika kwa takriban saa sita duniani kote. Lakini namba ya simu ya msomaji si mali ya Meta. Yeyote aliyeomba na kupewa namba hizo kwa hiari anaweza kesho kuhamia Telegram, au hata SMS ya kawaida. Kwa kipimo hicho, jarida la WhatsApp linalokusanya namba ni ndugu wa jarida la barua pepe, wakati "chaneli" ya WhatsApp, ambayo humficha mwandishi namba ya mfuasi, iko kundi moja na X. Kumlinda mfuasi kuna faida yake, ila mwandishi anarudi palepale.

Kinachonitia shaka kuhusu majarida kwa Kiswahili ni fedha, na sioni ikijadiliwa. Substack inachukua asilimia 10 na kupitisha kila kitu Stripe, na Stripe haimfungulii akaunti mwandishi aliyeko Dar es Salaam au Mwanza. Msomaji wake yuko tayari kutoa shilingi elfu mbili kwa mwezi kwa M-Pesa, lakini Substack haina kitufe cha kuikata yenyewe kila tarehe moja; lazima mwandishi amkumbushe, asubiri, akague ujumbe wa muamala, aongeze jina kwenye orodha kwa mkono. Kwa wasomaji thelathini inawezekana. Wakifika mia tatu amekuwa mhasibu. Mpaka hapo patakapozibwa, wanaoweza kuandika hivi kila wiki ni wenye mshahara sehemu nyingine, na mada watakazogusa zitapimwa kwanza na mwajiri wao.