Vespa haitaki upepo sawa mbele na nyuma

Mwambie fundi pancha yeyote, Mwanakwerekwe au Chake Chake, "nitilie upepo". Atakuuliza "ngapi?", na ukisitasita atatia PSI 35 (PSI ndicho kipimo cha upepo kwenye geji) mbele, 35 nyuma, basi. Simlaumu, kwake tairi ni tairi. Lakini vespa nyingi zinazosemwa zina usukani mbovu hazina ugonjwa mwingine ila huo upepo.

Kwenye PX, aina ya vespa yenye rimu za inchi 10, injini na giaboksi vimening'inia kwenye gurudumu la nyuma, na dereva naye kaketi huko huko. Mbele ni kwepesi. Ndiyo maana tairi lake la 3.50-10, yaani upana inchi 3.50 na rimu inchi 10, linatakiwa PSI 18 tu mbele. Nyuma ni 25 hivi ukiwa peke yako, na 36 ukipakia mtu. Wengi wakisikia 18 hushangaa, wakabonyeza tairi kwa kidole gumba na kusema halina upepo. Kidole hakipimi kitu. Nunua geji yako mwenyewe, upime asubuhi kabla ya kutoka, kwa sababu tairi likishapata moto linasoma juu na utalipunguza bure.

Ukitia 35 mbele, tairi linagusa ardhi kwa ukanda mwembamba wa katikati. Linadunda kwenye kila shimo, na siku ya mvua ya masika, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ukigusa breki ya mbele gurudumu linateleza kabla hujajua.

Nyuma kosa huwa kinyume chake: upepo mdogo na abiria mzito. Ubavu wa tairi unajikunja kila mzunguko, unapata moto, kisha tairi linaanza kuhama kidogo kidogo juu ya rimu na kuivuta tyubu. Itazame valvu. Ikiwa imelala upande badala ya kusimama wima kwenye tundu lake, usiongeze upepo ukaondoka, maana shina lake liko njiani kukatika. Fungua gurudumu, uipange upya.

Na hapa kwenye kufungua ndipo pa hatari. Rimu ya vespa ni vipande viwili vilivyoshikana kwa nati, na kuna nati nyingine zinazoshika gurudumu kwenye ngoma ya breki. Toa upepo WOTE kabla ya kugusa zile za vipande. Ukizilegeza tairi likiwa limejaa, rimu inaweza kufyatuka usoni. Wakati wa kurudisha, paka tyubu poda, itie upepo kidogo tu ijiumbe, hakikisha haikubanwa katikati ya vipande, ndipo ukaze nati kwa kuvukavuka, si kwa kufuatana. Pancha zinazotokea siku ya pili baada ya kubadilisha tyubu aghalabu ni hiyo iliyobanwa.

Kutu nayo tunayo sote, tukikaa na bahari. Inaanzia pale vipande vinapokutana, mahali usipopaona, na magamba yake yanakata tyubu kama wembe. Kila ukifungua piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke sawasawa. Rimu iliyoliwa mpaka ukingo ukawa mwembamba usiichomee. Nunua nyingine.

Kuhusu tairi nene, maoni yangu ni mafupi: 3.50-10 inatosha. 100/90-10, ambalo ni nene zaidi, linaingia kwenye PX, ila matairi hayalingani unene, kwa hiyo lizungushe kwa mkono nyuma uone nafasi ya upande wa injini kabla ya kulipa. Mwenye VBB au Super, vespa za zamani, asikisie dukani. Rimu zake ni inchi 8.

Spea ijaze 36. Magurudumu ya PX yanabadilishana mbele na nyuma, na ukipata pancha usiku njiani Makunduchi, kupunguza upepo unaweza kwa ncha ya ufunguo, kuongeza huwezi.