Mimi Sijui Kuchora

Mpe mtu mzima karatasi na kalamu za rangi, umwambie achore chochote kilicho moyoni. Wengi watakurudishia kalamu: "Mimi sijui kuchora." Jibu hilo wamelibeba tangu darasani, mwalimu alipochora chungwa ubaoni, wanafunzi wakalinakili, kisha kila chungwa likapewa alama kati ya kumi. Aliyepata tatu aliamini kwamba kuchora si kwake, na hakurudi tena.

Ndiyo maana utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, uliotoka mwaka 2016, unanigusa. Girija Kaimal na wenzake waliwapa watu wazima 39 kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga na vipande vya picha vya kubandika, wakawaacha wafanye wapendavyo kwa dakika 45. Mate yao yalipimwa kabla na baada, kutazama kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo. Kwa takriban robo tatu yao ilishuka, na aliyezoea sanaa hakumpita asiyeizoea. Kumbe ustadi haukuwa sharti.

Hata hivyo utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha. Huenda mtu akikaa mahali tulivu dakika 45, simu ikiwa mbali na bila wa kumsumbua, mwili wake ungetulia hata bila rangi. Na ile robo iliyobaki haikupata nafuu hiyo. Wapo ambao karatasi tupu huwazidishia wasiwasi.

Pingamizi zito zaidi kwa wazo kwamba sanaa huponya lilitoka Uingereza. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio la MATISSE, lililowahusisha watu 417 wenye skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili. Baadhi walipangiwa tiba ya sanaa ya kikundi kila wiki kwa mwaka mzima, pamoja na matibabu yao ya kawaida. Baada ya miaka miwili hawakuonekana kuwazidi wale waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Watetezi wa sanaa husema, kwa haki, kwamba wengi walihudhuria vipindi vichache mno. Lakini hilo nalo ni jibu: dawa ambayo wagonjwa hawaifuati haijawasaidia. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akimshauri mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, anunue kitabu cha kupaka rangi badala ya kwenda kituo cha afya, ninaogopa. Miezi anayopoteza akipaka rangi ni miezi ambayo ugonjwa unaweza kuzidi kukomaa.

Kwangu mimi, faida ya sanaa hizi ndogo iko mahali pengine, na watu wa Pwani wanaijua bila kuipima. Watazame wanawake wa Pemba wanaosuka ukili, ule ukanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, wakiwa barazani. Mikono imeshika ukindu, macho yako kwenye kazi, na hapo ndipo mazungumzo mazito hupata njia: ndoa inayoyumba, msiba, deni. Aliyekuwa hawezi kumtazama mwenzake usoni na kuanza, huanza akiwa ameinama juu ya ukili. Kanga nayo ni hivyo hivyo. Mwanamke huchagua jina la kanga yake kwa makini, akavaa neno ambalo kinywa chake kisingelitoa. Hapo hapaponywi ugonjwa, lakini kilichokwama kinapata pa kupitia.

Tusiufanye ukili kuwa tiba, hata hivyo. Mkeka ni riziki. Anayesuka kuwahi oda ya mteja, mgongo ukimuuma, hana starehe ya moyo katika kazi ile. Mkono uleule, ukindu uleule, ila kazi ikishakuwa na tarehe ya mwisho na bei, utulivu wake hupungua. Chungwa lile la ubaoni lilikuwa vivyo hivyo: kuchora kulikuwepo, uhuru haukuwepo.

Kwa watoto hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mtu mzima hupenda kufasiri. Mtoto akichora nyumba nyeusi isiyo na mlango, mara anaulizwa nani anampiga nyumbani. Pengine kweli yupo anayempiga, na picha imetupa sababu ya kumkaribia. Pengine kalamu nyingine zilikuwa zimechukuliwa na wenzake. Picha moja haitoshi kumhukumu mzazi, wala haitoshi kumpuuza mtoto. Dalili za kweli hutafutwa kwingine pia: usingizi, chakula, michezo aliyoiacha, woga wa kurudi nyumbani. Zikijirudia, hapo ni kazi ya mshauri nasaha au daktari.

Mwalimu au mzazi anaweza kuketi karibu, akasema, "Hebu niambie kuhusu picha yako," kisha akanyamaza kwa muda mrefu kuliko anavyopenda. Asiirekebishe, asiipe alama, wala asiibandike ukutani kabla ya kumuomba ruhusa. Mtoto akiikunja na kuitia mfukoni bila kusema neno, aachwe aende nayo.