Amelegea au Amekakamaa?

Kuna barua ya rufaa niliyoiandika miaka kadhaa iliyopita ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya. Mzee mmoja aliletwa kwenye kituo chetu cha afya kwa bodaboda, kakalishwa katikati, mkewe nyuma kamkumbatia asidondoke. Nilipouliza kulikoni, mama akajibu: "Mwanangu, mzee anatembea kama mbuzi aliyefungwa kamba. Na hapo ni siku akiweza kutembea." Nilitabasamu, kisha nikaandika: mgonjwa amepooza miguu yote miwili. Nikagonga muhuri.

Kesho yake simu ikaita. Daktari wa kule nilikompeleka mgonjwa hakupoteza muda kwa salamu. "Miguu imelegea au imekakamaa? Ganzi inaanzia wapi? Mkojo je?" Sikuwa na jibu hata moja. Jibu la kwanza alikuwa nalo yule mama, nami ndiye niliyelifuta.

Tangu siku ile nina ugomvi na neno kupooza. Polio tumeiita ugonjwa wa kupooza. Mwenye kiharusi amepooza upande. Aliyeanguka mnazi akavunjika mgongo, amepooza. Aliyeamka asubuhi mdomo umekwenda kando, amepooza uso. Neno linatuambia nguvu zimepotea, halituambii zimepotelea wapi. Na kwa magonjwa ya mfumo wa fahamu, wapi hutangulia nini. Anayekimbilia jina la ugonjwa kabla ya kujua mahali anabahatisha tu, hata akibahatisha kwa Kilatini.

Amri ya kuinua mguu husafiri kwa mipokezano miwili, kama kijiti cha mbio za kupokezana. Wa kwanza hutoka kwenye gamba la ubongo, huvuka upande wa pili pale ubongo unapokaribia shingo (ndiyo sababu kiharusi cha ubongo wa kushoto hupiga mkono wa kulia), kisha hushuka ndani ya ugwe mgongo, ile kamba ya fahamu iliyomo ndani ya mfupa wa mgongo. Humo ndani hupokewa na seli nyingine, yenye uzi mrefu unaokwenda hadi kwenye msuli. Ukiharibika mpokezano huu wa pili, kama polio inavyofanya kwa kuziua seli hizo, msuli unabaki yatima: unalegea, unakonda, na ukigonga goti kwa nyundo ya mpira, kimya. Ukiharibika ule wa kwanza, seli ya chini bado ipo kazini ila hakuna mkubwa wa kuituliza. Msuli unakakamaa, goti linaruka kupita kiasi, na ukikwaruza unyayo kidole gumba kinapanda juu badala ya kujikunja chini. Habari ya kidole hicho aliitoa daktari Joseph Babinski huko Paris mwaka 1896, kwa andiko fupi kuliko barua nyingi za posa. Mtoto mchanga naye hukipandisha hivyo hivyo wala haumwi. Njia zake bado hazijakomaa.

Sasa tazama. Kulegea na kukakamaa ni maneno ambayo kila bibi anayajua, na yanatenganisha mambo yale yale ambayo wanafunzi wa udaktari huyakariri kwa wiki nzima. Tunayo, ila hatuyaandiki.

Mfano ninaoupenda ni konzo. Ugonjwa huu ulielezwa na daktari aliyeitwa Trolli mwaka 1938, katika iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji, na jina lake limetoka kwa Wayaka wa huko, maana yake miguu iliyofungwa. Sisi Tanzania tumeuona pia: Tarime katikati ya miaka ya 1980 wakati wa ukame, kisha Mtwara mwaka 2002 na 2003. Chanzo ni muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha. Njaa ikibisha hodi, siku za kuloweka na kuanika hupunguzwa, sumu ya sayanidi inabaki ndani ya unga, na kwa kuwa mezani hakuna maharage wala dagaa wa kuusaidia mwili kuiondoa, inaumiza. Mtoto au mama aliyelala mzima anaamka miguu imekaza, akitembea anatembelea vidole. Hauendelei kuzidi, lakini hauponi.

Ukimpima mgonjwa wa konzo unakuta miguu imekakamaa, magoti yanaruka, ila hana ganzi, na mkojo kwa kawaida hauna shida. Kilichoumia ni mpokezano wa kwanza, mengine yamesalimika. Mwaka 1985 mtu angeweza kuandika "watoto wamepooza" na wote wakafikiria polio. Kumbe Wayaka walishasema kwa neno moja kwamba miguu hii haikulegea, imefungwa, na leo majarida ya kitabibu duniani yanaandika konzo bila kutafsiri. Halafu mimi naletewa mbuzi aliyefungwa kamba, nacheka!

Sisemi kila neno letu liko sawa. Mshipa, kwa mfano, umetuchosha. Upo wa damu, upo wa fahamu, kuna wanaouita msuli mshipa, na ukiwa mwanaume ukasema una mshipa, watu wanaelewa ngiri. Hapo nakubali neva iingie moja kwa moja bila kupiga hodi.

Linaloniudhi zaidi ni uti wa mgongo. Tunauita hivyo mfupa, na tunauita hivyo ugwe uliomo ndani ya mfupa. Matokeo yake mzazi akiambiwa mtoto atolewe maji ya mgongo ili chanzo cha homa kijulikane, anakataa, maana anajua uti wa mgongo ukichomwa mtu anapooza. Kwa jinsi maneno yalivyo, hofu yake ina mantiki. Lakini ugwe hauendi hadi chini kama mfupa. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini zaidi, mahali penye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Kwa mtoto mdogo ugwe huishia chini kidogo, hivyo naye huchomwa chini zaidi. Ugwe ni kamba nyembamba, neno lenyewe linajieleza. Tungelitumia wodini kama linavyotumika kwenye vitabu vya sayansi vya shule, tungebishana kidogo na wazazi.

Na ule mdomo uliokwenda kando? Mwambie mgonjwa akunje paji la uso. Paji hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo likikunjika vizuri huku mdomo umeshuka, shaka inaelekea kwenye ubongo. Paji nalo likigoma upande ule ule, shaka inaelekea kwenye neva ya uso yenyewe. Vyovyote iwavyo, aende hospitali siku hiyo hiyo. Sijaandika haya ili mtu apime kiharusi sebuleni.

Yule mzee, walipompitisha ncha ya pini kutoka miguuni kwenda juu, hakuhisi mchomo mpaka usawa wa kitovu. Kitovu ni eneo la neva ya kumi ya kifua, basi wakajua tatizo liko ndani ya ugwe, pale au juu yake kidogo, wakajua picha ipigwe wapi. TB ilikuwa imekula pingili mbili. Kulikuwa hata na kibyongo kidogo chini ya shati, shati ambalo mimi sikumvua. Alikunywa dawa miezi mingi, akarudi anatembea kwa fimbo.

Mwezi uliopita nilikuwa na kijana wa mafunzo. Nikamsomea aandike: miguu imekakamaa, ganzi kuanzia kitovuni kwenda chini, mkojo unatoka kwa shida. Aliponiletea karatasi nisaini nikakuta ameandika neno moja tu, paraplejia, kwa sababu, alisema, ndivyo wanavyotaka kule juu. Neno limesema miguu yote miwili, basi. Nikamrudishia karatasi yake, nikamuuliza imelegea au imekakamaa. Akanitazama, akachukua nyundo, akarudi kitandani kwa mgonjwa.