Kugeuza CNC ndogo iwe mashine ya kupanga komponenti: tatizo kweli ni spidi?

Ukisema tu unataka kung'oa mota ya kuchonga kwenye CNC yako ya 3018, ile mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, uweke nozo ya kunyonya vipande vidogo vya elektroniki (komponenti) na kuvipanga kwenye bodi, hujamaliza hata sentensi utaambiwa ile mashine ni kobe, kwa mkono utapanga haraka zaidi, na kama una vihela si uagize tu viwandani Shenzhen, China, bodi zije zimeshapangwa. Na wanaosema hivyo hawajakosea hesabu, hesabu iko sawa, ila wamepima kitu ambacho mwenye mashine wala hakitafuti.

Tuipige basi hiyo hesabu maana ndo rungu lao. Skrubu za 3018 nyingi zinasogeza milimita 4 kwa mzunguko mmoja, na kwa setingi inayokuja nayo, GRBL, yaani programu inayoiendesha mashine, inahesabu hatua 800 za mota kwa kila milimita. Chipu ya Arduino inayobeba hiyo GRBL inatoa kama hatua 30,000 kwa sekunde, ukigawa unapata milimita 37 na ushee kwa sekunde, na hapo ndo mwisho wake, wengi wanaiendesha kwenye milimita 1,000 kwa dakika yaani kama 17 kwa sekunde. Sasa komponenti moja itoke kwenye mkanda wake wa plastiki au karatasi inaouziwa ndani yake, ipite juu ya kamera ya chini ikaguliwe, iende kwenye bodi, kichwa kirudi, tuseme ni milimita 200, sekunde 12 hizo. Z, yaani mhimili wa juu na chini, inashuka na kupanda mara mbili, weka sekunde 6, kamera isubiri mtikisiko utulie, unaikaribia 20. Komponenti 180 kwa saa! Mtu mwenye kibano na mkono uliozoea tumpe sekunde 6 kwa moja, huyo ni 600 kwa saa, mashine imechapwa mara tatu na zaidi.

Sawa. Ila iangalie tena hiyo 800. Maana yake kila hatua ni mikroni 1.25, na resista ya saizi inayoitwa 0603 ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8, ukiiweka imekosea kwa sehemu ya kumi ya milimita bado pesti ya solda ikiyeyuka inaivuta yenyewe mahali pake. Yaani una hatua za mikroni moja kwenye kazi inayosamehe mikroni mia, na huo udogo wa hatua unaulipia kwa spidi. Ukishusha vihatua, yaani vipande ambavyo draiva ya mota inagawia kila hatua nzima, kutoka 16 hadi 4 unabaki na hatua 200 kwa milimita, mikroni 5 kila moja, na ile dari inapanda hadi milimita 150 kwa sekunde. Hutaifikia kwa sababu mota kwenye skrubu hizo zitaishiwa nguvu mapema, hapo watu ndo wanaweka mkanda wa meno kwenye X na Y, lakini utoke 17 ufike 40 tayari umeshabadilisha hadithi. Halafu uzuri wa mashine ya kuchonga ni kwamba uchezaji wa nati kwenye skrubu, ambao wengi wanauogopa, OpenPnP, programu ya kompyuta inayoongoza kazi ya kupanga komponenti, inaufuta kwa kufika mahali kila mara kutokea upande ule ule.

Na hata usipogusa kitu, ikabaki kobe. Bodi 20 zenye komponenti 60 kila moja ni 1,200. Kwa mkono ni saa 2, kwa mashine saa 6 na dakika 40. Hizo saa 2 zipo kwenye karatasi tu jamani. Kapasita za 0603 hazina maandishi yoyote, ya nanofaradi 100 na ya pikofaradi 22 zikimwagika pamoja mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho, na ukizibadilisha kwenye bodi ya kumi na mbili macho yakiwa yameshachoka, utajua baadaye pale kristali inayoipa chipu mapigo yake inapogoma kuwaka, na jioni yako imeishia kwenye kupima. Mashine inachukua kutoka mkanda namba 4 leo na kesho, haichoki. Na muda wote huo we unachomelea konekta, unajaribu bodi zilizotoka kwenye oveni, unaongea na mteja. Hiyo 600 kwa saa inakutaka ukae kwenye kiti, ile 180 haikutaki, kwa nini basi tunaziweka kwenye mizani moja?

Sasa wapinzani wana hoja nzito kweli, ila mara nyingi sio hiyo wanayoipigia kelele. Eneo la 3018 ni milimita 300 kwa 180 na Z ni 45 tu, hapo utoshe bodi, kamera ya chini na mikanda yote, ukifika aina ya kumi na tano unaanza kubanana. GRBL ya kawaida ina mihimili mitatu na we unahitaji wa nne wa kuzungusha komponenti, kwa hiyo bodi ya kuendesha inabadilishwa, wengi wanaenda kwenye bodi zinazotumia programu za grblHAL au Smoothieware. Halafu kuna hii inayokera kuliko zote: nozo inashusha resista vizuri, pampu imezimwa, kichwa kinapanda na resista inapanda nacho, kwa sababu bomba la mpira la kunyonyea bado limeshika vakyumu. Inarudi chini imekaa upande, pesti imepakaa kila mahali. Dawa ni valvu ya njia tatu inayoruhusu hewa iingie, na kusubiri kidogo kabla ya kupanda. Vitu vya hivyo vinakula wikiendi, na 3018 nyingi zinakuja bila swichi za mwisho, zile zinazoiambia mashine imefika ukingoni, umeme ukikatika katikati ya bodi mashine haijui tena iko wapi. Funga swichi kwanza kabla ya kamera.

Na Shenzhen? Kama muundo wako umeshatulia na unataka bodi 100, agiza, sitabishana na we. Kama una hela ya mashine ya LumenPnP, ambayo imeundwa tangu mwanzo kwa kazi hii, au NeoDen, nunua uokoe muda. Ila fundi anayebadilisha muundo kila baada ya wiki mbili, bodi kumi kumi, kila toleo lisubiri usafiri na forodha, huyo ndo ninayemtetea, na huyo ndo anaambiwa spidi spidi wakati kinachomla ni kusubiri.

Kama hiyo 3018 ndo pekee unayochongea, iache, kila ukirudisha mota ya kuchonga unaanza kupima upya na vumbi la fibaglasi halipatani na kamera. Lakini kama imekaa tu chini ya meza, anza na resista na kapasita za 0603 peke yake, mikanda sita, nozo moja. Chipu zenye miguu mingi ziweke kwa kibano, bodi nyingi zinakuwa nazo mbili tatu tu, na mambo ya kubadilisha nozo katikati ya kazi utayahangaikia mwakani huko.