Baridi ya Mbeya haizuii jua kukuunguza

Huku Nyanda za Juu Kusini kuna imani kwamba jua kali lipo Dar na Dodoma, la kwetu ni la kuota tu. Ikifika mwezi wa sita utaona watu wamejipanga ukutani kuanzia saa tatu asubuhi, makoti yamefungwa hadi shingoni, na mimi nimo humo humo, sasa wewe nenda kamwambie mtu anayetetemeka kwamba jua hilo linamuunguza uone atakavyokujibu.

Ila ukweli ni kwamba joto ni kitu kimoja na mionzi ni kitu kingine. Hii mionzi ya UV inayoharibu ngozi huisikii mwilini, na kadiri unavyopanda juu ndo inavyozidi kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua, wataalamu wanasema ni kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kitulo ndo usiseme, inapita 2,600. Na kawingu kepesi kale ka asubuhi hakasaidii, mionzi inapita tu.

Wanaoumia zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino, na Tanzania tunao wengi kuliko nchi nyingi duniani, makadirio yanasema mtu 1 kati ya 1,400 hivi. Ngozi zao hazina ile rangi ya kuwakinga, kwa hiyo kansa ya ngozi inaweza kumpata mtu akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, inaanzia usoni, masikioni, mdomoni, shingoni. Sasa angalia tunavyowavalisha. Mzula unatia joto kichwani lakini uso wote uko nje, kapelo inaficha paji la uso halafu masikio na shingo vinabaki vinaliwa na jua. Kinachotakiwa ni pama, ile yenye ukingo mpana pande zote, na mikono mirefu, na kukaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ikiwezekana. Mtoto wa hivyo akisimamishwa mstarini juani eti kofia siyo sehemu ya sare, mwalimu huyo mi simuelewi kabisa.

Tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya kukuza uelewa kuhusu ualbino, imeanza kuadhimishwa 2015, hotuba zinatolewa na losheni za kukinga jua zinagawiwa, vizuri sana. Lakini losheni inapakwa kila siku na kurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa juani, kwa hiyo kichupa cha Juni hakimfikishi mtu Desemba. Kule Moshi inatengenezwa losheni ya Kilisun, iliyoanzia hospitali ya KCMC, maalum kwa watu wenye ualbino, kwa hiyo utaalamu tunao hapa hapa nchini. Kwa maoni yangu losheni iwepo zahanati muda wote, mama anayelima viazi kule Uporoto aichukue kama anavyochukua dawa nyingine, asisubiri mgeni rasmi.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tusijisahau. Melanini, yaani hiyo rangi ya ngozi, inatukinga sana na jua, ila kuna melanoma, aina ya kansa ya ngozi, inayotokea kwenye unyayo, kiganjani au chini ya ukucha, na hiyo jua wala halihusiki, losheni haitakusaidia, ni kujikagua tu. Bob Marley aliyekufa 1981 akiwa na miaka 36, yake ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya ukucha. Sisi tunaoshinda na mabuti ya mvua shambani unyayo wetu tunauangalia lini?

Halafu kuna kidonda ndugu. Huku kwa sababu ya baridi tunalala karibu na moto, makovu ya kuungua yapo mengi, na kovu la zamani linaweza kuja kufumuka kidonda baada ya miaka mingi na kikageuka kansa. Mtu anafungua kapsuli ya rangi mbili anamwagia unga, haponi, anahamia kwa mganga, miezi inakatika. Jamani, kidonda kikipita mwezi hakifungi, au uvimbe unakua na kutoa damu ovyo, nenda hospitali na uulize kabisa kama hakihitaji kukatwa kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara. Kikiwa kidogo mara nyingi unachomwa ganzi, kinatolewa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kikishakuwa kikubwa unaweza kujikuta unasafiri zaidi ya kilomita 800 kufuata matibabu ya mionzi Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar, hapo bado hujafikiria nauli na pa kulala wiki zote hizo.

Mi ningeanza na vinyozi na wasusi wa Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya mjini, maana wao ndo wanaona nyuma ya sikio na utosini ambako mwenyewe huwezi kupaona. Wafundishwe siku moja tu, wakiona kidonda au doa la ajabu wamwambie mteja kabla hajashuka kwenye kiti.